Chavua ya mwaloni: uuangalie mti, usome kituo au ufuate simu?

Afrika Mashariki haina mwaloni (oak) wa asili. Barani Afrika miti hii hujiotea kaskazini tu, kule Maghreb, na ile ya Afrika Kusini ilipandwa na walowezi. Kwa hiyo mtu aliyetoka Mombasa, Goma au Bujumbura akahamia Houston, Atlanta, London au Toronto asishangae akimaliza mwaka wa kwanza na wa pili bila kero, kisha mwaka wa tatu au wa nne macho yakaanza kumwasha mwezi Aprili. Mzio wa chavua hatuzaliwi nao. Mwili huujenga baada ya kukutana na chavua ileile msimu baada ya msimu.

Anayetaka kujipanga ana njia tatu za kupata habari: kuuangalia mti wenyewe, kusoma hesabu ya kituo kinachopima hewa, au kufuata programu ya simu. Wengi huzichukulia kana kwamba zote zinajibu swali moja, kumbe maswali ni mawili. La kwanza ni msimu unaanza lini. La pili ni chavua iliyo hewani ni nyingi kiasi gani. Mti hujibu la kwanza vizuri kuliko chombo chochote, na la pili haulijui. Kituo hujibu la pili kwa usahihi, ila kwa kawaida kinakueleza habari za jana. Simu hukisia yote mawili, na makisio yake yana maana kwa siku moja au mbili za mbele tu.

Kinachopimwa chenyewe

Mwaloni mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike. Ya kiume ni vishada vyembamba vinavyoning'inia, vya sentimita 5 hadi 10 kwa aina nyingi, na hutoka pamoja na majani machanga. Machipukizi ya vishada hivyo huanza kujengwa majira ya joto ya mwaka uliotangulia. Hapa ndipo maswali yale mawili yanapoachana: wingi wa chavua ya mwaka huu uliamuliwa kwa sehemu na hali ya hewa ya mwaka jana, ilhali tarehe ya kuchanua inaamuliwa na baridi iliyopita na joto lililojumlishwa wiki chache kabla ya maua. Msimu unaweza kuwahi sana na bado ukawa hafifu. Unaweza pia kuchelewa ukaja kwa nguvu. Mialoni ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwingine, na jumla ya chavua ya kituo kilekile inaweza kutofautiana mara kadhaa kati ya mwaka na mwaka.

Chembe yenyewe ina kipenyo cha mikromita 20 hadi 35. Chembe ya mikromita 30 hushuka kwenye hewa tulivu kwa kasi isiyofika sentimita 3 kwa sekunde. Ikidondoka kutoka urefu wa mita 15 itachukua kama dakika 9 kugusa ardhi, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utakuwa umeshaipeleka karibu kilomita 3. Na hiyo ni hesabu ya hewa isiyopanda. Jua likipasha ardhi, mikondo ya hewa huinyanyua tena na safari inarefuka. Ndiyo sababu mti ulio mbele ya nyumba si lazima uwe ndio unaokuumiza, na kuukata hakusaidii sana mtaa ukiwa umejaa mingine.

Vifuko vya chavua hupasuka vikikauka. Asubuhi yenye umande au mvua hubaki vimefungwa. Unyevu ukishuka, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, hufunguka. Mvua ya siku moja hushusha hesabu ya siku hiyo lakini haiui msimu. Chavua inangoja ndani, na siku ya kwanza kavu yenye upepo baada ya mvua mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Jalidi ya kuchelewa ni jambo tofauti kabisa: ikipiga vishada vikiwa vichanga inaviua, na mwaka huo eneo zima hupumua.

Kuuangalia mti

Njia hii ni ya bure na hupuuzwa kwa sababu inaonekana ya kienyeji. Kwa swali la lini, sisi tungeiweka mbele ya zote.

Chagua miti mitatu hadi mitano ndani ya mwendo wa miguu, isiwe yote ya aina moja, na angalau mmoja uwe na matawi unayoweza kuyafikia kwa mkono. Mmoja tu hautoshi, kwa sababu mti uliopakana na ukuta unaopigwa na jua au ulio karibu na lami nyeusi huwahi siku kadhaa kuliko wenzake. Machipukizi yakianza kuvimba, pita mara mbili kwa wiki. Vishada vikionekana, pita kila siku, saa tano asubuhi kuendelea, si alfajiri. Shika karatasi nyeusi chini ya kishada, kigonge kwa kidole, uangalie. Kukiwa hakuna unga, vifuko bado vimefunga. Unga wa manjano ukibaki kwenye karatasi, mti umeanza kutoa. Kishada kikiwa cha kahawia, kikavu, kinachovunjika, kazi imekwisha.

Hatua hizi tatu zina muda wake. Tangu kishada kionekane kama mkia mfupi wa kijani kibichi hadi kitoe unga, zinaweza kupita siku chache kukiwa na joto, au wiki mbili hivi baridi ikirudi. Huo ndio muda wako wa kujiandaa, na hakuna kituo wala simu inayokupa onyo la namna hiyo kwa mtaa wako. Mti mmoja hutoa chavua yake kwa siku chache, mara chache zaidi ya wiki moja. Msimu wa eneo huwa mrefu kwa sababu aina hazichanui pamoja.

Hapa ndipo njia hii inapoweza kukupotosha. Ukiangalia aina moja tu utatangaza msimu umeisha wakati aina ya pili haijaanza. Andalusia, kusini mwa Hispania, ni mfano mzuri: mialoni inayopukutisha majani kama *Quercus faginea* hutangulia, kisha hufuata *Quercus ilex* ya malisho makubwa ya nguruwe, na *Quercus suber*, ule wa magome ya kizibo, huja nyuma kabisa. Msimu mzima unaanzia Machi na kuweza kugusa Juni. Uingereza hali ni rahisi zaidi kwa kuwa aina za asili ni mbili tu, *Quercus robur* na *Quercus petraea*.

Kosa jingine hutokea Texas na pwani ya Ghuba ya Meksiko. Mwaloni wa huko, *Quercus virginiana*, hauonekani mtupu majira ya baridi. Huangusha majani ya zamani mwishoni mwa Februari na Machi huku mapya yakitoka, na vishada hufuata papo hapo. Anayengoja kuona mti uliopukutika kisha ukachipua hatauona. Na zile nyuzi za kahawia zinazojaa kwenye mifereji ya paa na kwenye vioo vya magari, watu huziona wakasema msimu umefika. Ukizigonga kwenye karatasi hazitoi kitu, maana zilishatoa chavua zikiwa bado mtini.

Kwa kukadiria tu, kabla hujaanza kutoka na karatasi yako: pwani ya Texas tarajia Machi, Atlanta nusu ya pili ya Machi na Aprili, New York mwisho wa Aprili na Mei, Minneapolis na Toronto Mei, London kuanzia nusu ya pili ya Aprili, na kilele mara nyingi Mei. Mwaka wa joto au wa baridi husogeza tarehe hizi wiki moja au mbili.

Marekani kuna mradi wa kitaifa wa kurekodi hatua za mimea, Nature's Notebook, ambao una kipengele maalumu cha mti kutoa chavua. Kipimo chake ni hichohicho cha kutikisa ua na kuangalia unga. Uingereza upo Nature's Calendar. Ukiingiza tarehe zako humo, baada ya miaka michache una kumbukumbu ya mtaa wako mwenyewe, ambayo ni bora kuliko wastani wa jimbo zima.

Kusoma hesabu ya kituo

Ukiona mahali pameandikwa "chembe 310 kwa mita ya ujazo", nyuma ya namba hiyo kuna mtu aliyekaa kwenye hadubini. Inafaa kujua alifanya nini, kwa sababu ubora wa namba uko kwenye hatua zake.

Chombo kinachotumika zaidi Ulaya, na pia katika vituo vingi vya Marekani, ni mtego wa aina aliyoibuni J. M. Hirst mwaka 1952 huko Rothamsted, Uingereza. Pampu hunyonya lita 10 za hewa kwa dakika kupitia mwanya wa milimita 14 kwa 2, na bawa la nyuma hugeuza mwanya uelekee upepo. Ndani kuna pipa dogo lililozungushiwa utepe wa plastiki uliopakwa silikoni, linalozunguka milimita 2 kwa saa. Kwa siku utepe unasogea milimita 48, kwa wiki milimita 336, na mzingo wa pipa ni 345, kwa hiyo lazima libadilishwe kila baada ya siku saba, saa ileile. Utepe hukatwa vipande vya siku, hubandikwa kwenye vioo kwa jelatini ya gliserini yenye rangi ya fuksini inayozipaka chembe waridi, kisha huhesabiwa kwa ukuzaji wa mara 400.

Halihesabiwi eneo lote. Chukua mfano wa mhesabuji anayepita mistari minne kwa urefu, na duara analoliona lina kipenyo cha milimita 0.5. Eneo alilolisoma ni 4 × 48 × 0.5, yaani milimita za mraba 96, kati ya 672 za siku nzima. Ni asilimia 14 hivi, juu kidogo ya asilimia 10 ambayo wataalamu wa Ulaya huitaka kama kiwango cha chini. Hewa iliyonyonywa kwa siku ni mita za ujazo 14.4. Gawa 672 kwa 96, kisha kwa 14.4, unapata 0.486. Akiona chembe 200 za mwaloni, ataripoti 97. Akiona 2, ataripoti 1. Kutokana na hesabu hiyo utaelewa kwa nini namba ndogo za mwanzo wa msimu hazipaswi kuaminiwa sana: kati ya "1" na "3" kwenye jedwali kuna tofauti ya chembe nne tu zilizoonekana kwenye kioo.

Makosa ya kweli yako kwenye pampu. Kipimo cha mtiririko kinachowekwa mdomoni mwa mtego wakati wa kuurekebisha kina ukinzani wake. Fundi akirekebisha hadi kisome lita 10, kisha akakitoa, mtego unanyonya zaidi ya 10 na hesabu zote za wiki zinapanda bila mtu kujua. Kituo makini hutumia kipimo kisicho na ukinzani na kurekebisha kila wiki, wakati wa kubadili pipa. Mengine ni ya kawaida: umeme kukatika, saa ya pipa kusimama, buibui kujenga mwanyani, bawa kukwama ukawa unapima upande mmoja wa mji.

Halafu kuna macho ya mhesabuji. Chembe ya mwaloni ina mifereji mitatu na uso wenye chunusi ndogo. Mti wa platanasi unaopandwa barabarani katika miji mingi huchanua karibu wakati uleule na chembe yake nayo ina mifereji mitatu, ila ni ndogo zaidi na uso wake ni wa wavu mwembamba. Mhesabuji mgeni huzichanganya. Na hata mzoefu, kwa hadubini ya kawaida, hawezi kukuambia ni mwaloni wa aina gani. Jedwali linasema *Quercus* basi. Kwa hilo tena utarudi mtini.

Marekani baadhi ya vituo hutumia Rotorod: vijiti viwili vyembamba vilivyopakwa grisi ya silikoni, vinavyozungushwa mara 2,400 kwa dakika na kugonga chembe hewani. Kwa kawaida huzunguka dakika moja kila dakika kumi, la sivyo siku ya kilele vingejaa chavua na chembe mpya zisipate pa kunasa. Kwa chembe kubwa kama ya mwaloni kinafanya kazi vizuri. Kasoro yake ni kwamba vijiti ni vilevile siku nzima, hakuna namna ya kujua saa ngapi chavua ilipanda, ilhali utepe wa Hirst unakupa hata mgawanyo wa kila saa mbili.

Namba ikishatoka, isome kwa tahadhari tatu. Kwanza, mtego wa Hirst kwa kawaida huwekwa juu ya paa ili upime hewa ya mji. Puani mwako ukiwa umekaa chini ya mti hali ni nyingine. Pili, ni wastani wa saa 24, na 310 ya siku nzima inaweza kuwa karibu na sifuri usiku na mamia mengi saa nane mchana. Tatu, vituo vingi vya Marekani havihesabu Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo kilele kikiangukia wikendi hakitaonekana hadi Jumatatu, ikiwa kitaonekana.

Ukubwa wa namba nao una mtego wake. Mtandao wa vituo wa NAB (National Allergy Bureau) wa Marekani huita chavua ya miti "chini" ikiwa 1 hadi 14, "wastani" 15 hadi 89, "juu" 90 hadi 1,499, na "juu sana" kuanzia 1,500. Madaraja hayo yalitokana na mgawanyo wa hesabu zilizokusanywa vituoni; hayakutokana na kupima wagonjwa, na ni ya miti yote ikijumlishwa. Atlanta mnamo 29 Machi 2025 ilitangaza 14,801, ikivunja rekodi yake ya 9,369 ya mwaka 2012. Namba hiyo ilitisha watu, lakini msonobari ulikuwa na sehemu yake humo, na chavua ya msonobari, ile ya manjano inayofunika magari, ni mara chache kuleta mzio. Tafuta safu ya mwaloni peke yake. Kituo kisichotenganisha miti hakikufai sana.

Kuna pia suala la tarehe rasmi za msimu. Ukisoma kwamba msimu wa mwaloni mahali fulani ulianza tarehe 9 Aprili, uliza kwa kanuni gani. Wengi huhesabu kuanzia siku jumla ya mwaka ilipofika asilimia 5 hadi ilipofika 95, wengine 2.5 hadi 97.5, wengine 1 hadi 99. Kanuni zote hizo zinahitaji jumla ya mwaka mzima, yaani haiwezekani kujua msimu ulianza lini hadi uishe. Zinafaa kulinganisha miaka iliyopita. Kwa kuamua leo uanze dawa au la, hazina msaada.

Mashine zinazohesabu zenyewe

Uswisi tangu 2023 inatoa hesabu za mashine kila saa, mwaloni ukiwemo, na jimbo la Bavaria, Ujerumani, lina mtandao wake. Mashine hupiga picha au kumulika kila chembe inayopita, kisha programu huiainisha. Faida ni kubwa: unajua ya saa iliyopita badala ya ya jana. Udhaifu ni kwamba mashine hufundishwa kwa sampuli, na chembe za mviringo zinazokaribiana ukubwa huweza kuzichanganya, hasa nje ya msimu. Ukiona mwaloni mwezi Agosti, usiusadiki. Anayeishi Zürich au München ana bahati. Hapo tungemwambia aanzie kwenye mashine na mti aufanye wa pili.

Programu ya simu

Programu nyingi hazina mtego wowote mtaani kwako. Zina ramani ya miti, utabiri wa hali ya hewa, kanuni ya joto lililojumlishwa na kumbukumbu za miaka ya nyuma. Zikikuonyesha namba ya barabara yako, usahihi huo ni wa ramani. Hakuna aliyepima hewa hapo. Makosa yanayojirudia ni matatu.

Kipimo. Programu moja hutumia 0 hadi 5, nyingine 0 hadi 12, nyingine rangi tu. Mtu huona 9.8 akalinganisha na 98 ya kituo, vitu visivyohusiana.

Orodha ya mimea. Baadhi hujumlisha "miti" bila kutenganisha, na utabiri wa Copernicus, huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, kwa miaka mingi umetolewa kwa mimea kama mbetula (birch), mzeituni na nyasi bila mwaloni. Kabla ya kuiamini programu yoyote, tafuta jina la mwaloni ndani yake. Likikosekana, ifute.

Wingi. Kwa kuwa kanuni huegemea wastani wa miaka, mwaka ambao mialoni imepumzika simu itaendelea kupaka rangi nyekundu, na mwaka wa wingi usio wa kawaida itasema ni wa kawaida.

Ina lake zuri, hata hivyo. Tuseme umeshajua kwa macho yako kwamba miti inatoa. Kinachobaki ni kujua kesho itakuwa kavu na yenye upepo au mvua, na hilo simu inalijua. Ijaribu hivi: kwa siku kumi za katikati ya msimu andika daraja la simu la asubuhi pembeni ya hesabu ya kituo ya siku hiyohiyo. Usiangalie kama namba zinalingana. Angalia kama zinapanda na kushuka pamoja. Zikipishana zaidi ya siku nne kati ya kumi, utabiri wa mvua wa kawaida utakufaa zaidi.

| | Mti | Kituo | Simu |
|---|---|---|---|
| Onyo kabla ya msimu | Siku chache hadi wiki mbili | Hakuna | Siku chache, kwa makisio |
| Wingi | Hapana | Ndiyo | Dhaifu |
| Aina ya mwaloni | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Chavua ya mbali | Hauioni | Inanaswa | Hutegemea kanuni |
| Kesho | Kwa kukisia | Hapana | Ndiyo |

Mstari wa nne una maana kwa walio kaskazini. Upepo wa kusini unaweza kuleta chavua ya mialoni iliyochanua mapema mamia ya kilomita mbali, na kituo kikainasa wakati vishada vya mtaani kwako bado vimefunga. Ukianza kupiga chafya na karatasi nyeusi haina unga, angalia upepo ulitoka wapi.

Uchague ipi

Kama shida yako ni lini uanze dawa, chagua mti. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi huhitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kufikia nguvu yake, na ushauri wa kawaida ni kuanza kama wiki mbili kabla ya msimu. Vishada vya kijani vikionekana kwenye mti unaowahi, ndiyo siku ya kuanza. Ukingoja kituo kitangaze "juu", umeshachelewa.

Kama unataka kujua ni mwaloni kweli unaokusumbua, chagua kituo. Andika dalili zako kila jioni kwa alama 0 hadi 3, kwa msimu mzima, kisha weka pembeni safu ya mwaloni, ya mbetula na ya nyasi. London mbetula hutangulia mwaloni kwa wiki chache, na protini zao kuu za mzio zinafanana. Mwenye mzio wa mbetula huteseka Aprili, akadhani ameponyoka, kisha mwaloni ukamwendeleza Mei. Akiwashwa mdomo kwa tofaa bichi au njugu za hezeli, dalili inaelekea hukohuko. Daftari la namna hiyo ukimpelekea daktari litamsaidia kuchagua vipimo. Muulize mapema uache dawa za mzio za kumeza siku ngapi kabla ya kuchomwa ngozi, kwa sababu dawa hizo huficha majibu, na kwa nyingi ni kama wiki moja.

Kama ni fundi wa bustani, mjenzi au kocha wa watoto, mtu asiyeweza kukaa ndani, tumia mti na simu pamoja. Kazi nzito ipeleke asubuhi mapema au siku ya mvua, na uiogope siku ya kwanza kavu baada ya mvua.

Shule au zahanati inayotaka hesabu yake yenyewe isikimbilie Hirst. Kabla ya fedha, swali ni nani atakayekaa kwenye hadubini kila siku kwa wiki nane. Kifaa cha Durham kinatosha kufundishia: sahani mbili za chuma za kipenyo cha sentimita 23, moja juu ya nyingine zikiachana kama sentimita 8, katikati kioo kilichopakwa vaselini, kikabadilishwa kila saa 24. Kinahesabu zilizoanguka kwa sentimita ya mraba, na namba hiyo haigeuzwi kuwa ya mita ya ujazo kwa kuzidisha chochote, kwa kuwa upepo na ukubwa wa chembe hubadili kinachodondoka. Kitakupa siku ya kwanza, kilele na mwisho. Rotorod ndiyo hatua inayofuata, kwa anayetaka wingi wa kweli bila uzito na bei ya Hirst.

Na anayesafiri sana apange kwa ramani, maana miti ya sehemu mbili haichanui pamoja. Aliyeondoka Houston mwisho wa Machi akidhani amemalizana na mwaloni ataukuta Toronto mwezi Mei. Akienda Cape Town, mialoni ya Ulaya iliyopandwa huko na jirani yake Stellenbosch huchanua majira yao ya kuchipua, Septemba hivi, kwa hiyo dawa aliyoiweka kabatini Juni ataihitaji kwenye begi.